Wifi ya nyumbani imegoma? Pitia hapa kabla hujaminya riseti

Jumamosi moja mama mkubwa kanipigia saa mbili asubuhi, shikamoo yangu hata hajaipokea vizuri, "mwanangu wifi imekufa tangu jana usiku, hawa watoto hawanipi raha, njoo uninunulie nyingine pesa ntakurudishia." Haya, nikatoka Tabata mpaka Mbagala na foleni ile mnayoijua. Nafika sebuleni naikuta ruta iko nyuma ya tivii, imelazwa juu ya king'amuzi, na juu yake kaifunika kitambaa cha kufuma, kile cheupe cha maua kinachofanana na cha kwenye makochi, ili isishike vumbi. Kuigusa, ya moto kama pasi. Nikatoa kitambaa, nikaizima dakika kumi ipoe, nikaihamishia juu ya kabati, nikawasha. Neti hiyo. Nauli kwenda na kurudi, malipo yangu sahani ya pilau, sijalalamika.

Sasa kama angenunua nyingine ingeenda kukaa palepale chini ya kitambaa kilekile. Na hilo ndo tatizo la wengi wetu neti ikigoma, tunarukia dawa kabla ya kujua ugonjwa uko wapi. Mtu anazima anawasha mara ishirini, anabadilisha kifurushi, anaminya riseti, anawatukana huduma kwa wateja, kumbe simu yake yeye mwenyewe ndo ina shida.

We ifikirie kama maji ya bomba. Maji yasipotoka bafuni hukimbilii kuchimba barabara, kwanza unafungua bomba la jikoni, alafu unaenda kuangalia tenki, alafu mita, alafu unamuuliza jirani. Neti nayo ina vipande ivo ivo: kuna kifaa chako, kuna wifi ya kati yako na ruta, kuna ruta yenyewe, kuna waya wa faiba au mnara, kuna kampuni, na mwisho kuna huko duniani. Kazi yako ni kujua kipande gani kimekatika. Ukishakijua, mara nyingi kurekebisha ni dakika mbili.

Hatua ya 1: ni wewe peke yako au nyumba nzima?

Chukua simu ya mtu mwingine hapo ndani iliyo kwenye wifi hiyohiyo, ZIMA DATA YA LAINI, alafu fungua kitu chochote kipya, yaani kitu ambacho haujawahi kukifungua, sio ukurasa uliokuwa umeshafunguka toka asubuhi. Nasisitiza kuzima data sababu simu za siku hizi zina ujanja, zikiona wifi haina neti zinahamia kwenye bando lako kimyakimya, we unasema "mbona kwangu inafanya kazi" kumbe unakula MB zako.

Kama simu moja tu ndo inagoma na nyingine ziko sawa, achana kabisa na ruta, shida iko kwenye hiyo simu. Ingia kwenye setingi za wifi, isahaulishe hiyo wifi, ingiza paswedi upya. Bado? Angalia vitu vitatu. Kwanza kama kuna VPN (apu ya kupitisha neti yako kwenye seva ya mbali) iko wazi, hizi za bure watu wanawasha alafu wanasahau. Pili saa na tarehe, simu ikiwa imejiweka mwaka wa nyuma huko tovuti karibu zote zitakataa kufunguka zikisema muunganisho sio salama, hii inawapata sana wenye laptopu za zamani ambazo kabetri ka ndani ka saa kameisha. Tatu, kwenye Android kuna kitu kinaitwa DNS ya Faragha (DNS ni huduma ya kubadilisha jina la tovuti kuwa namba), kipo sehemu ya mtandao na intaneti, mtu alikuwekea ili kuzuia matangazo, huduma ile ikifa na neti yako inakufa nayo wakati wifi imejaa misitari yote. Iweke kwenye otomatiki.

Kama vifaa vyote vimegoma, twende kwenye ruta.

Hatua ya 2: soma taa

Watu wanaziangalia taa kama mapambo lakini zile ndo zinaongea. Nianze na faiba maana ndo inaingia kwenye majumba kwa kasi sasa ivi.

Kile kiboksi cha faiba kina taa ya umeme, taa imeandikwa PON, na nyingine imeandikwa LOS. PON ikiwa imetulia kijani maana yake kiboksi kimeshasalimiana na mtambo wa kampuni, uko vizuri. PON ikiwa inapepesa bila kutulia, mwanga unafika ila kampuni haijakitambua kiboksi, inaweza kuwa mwanga hafifu au akaunti yako imefungwa huko kwao. LOS ikiwaka NYEKUNDU, mwanga haufiki kabisa. Hapo hata ukiizima ukaiwasha mpaka kesho hutopata kitu, waya umekatika, umechomoka au umekunjwa.

Kabla hujawapigia, ufuate ule waya mwembamba (mara nyingi mweupe au wa njano) toka kwenye kiboksi mpaka unapotokea ukutani. Ndani ya faiba kuna kioo chembamba kama unywele, hauupendi mkunjo. Ukiukunja pembe kama waya wa pasi, au mguu wa kochi ukiukalia, mwanga unavuja na neti inakufa au inakuwa ya kusuasua. Mizunguko yake iwe mipana, upana wa sahani ya chai hivi. Angalia na panya, aisee panya na faiba sijui wana ugomvi gani. Kwangu waliutafuna pale unapopita juu ya dari, nikakaa siku nzima nasema kampuni ni wezi.

Kichwa cha huo waya kikiwa kijani kirudishe kwenye tundu la kijani, kikiwa bluu kwenye bluu, usichanganye kwa sababu vimekatwa tofauti kwa mbele. Kichomoe taratibu, kirudishe mpaka kilie "ka". Usikiguse kwa kidole pale mbele, mafuta ya ngozi tu yanatosha kupunguza mwanga. Na usichungulie kwenye tundu eti uone kama unawaka, ule mwanga macho hayauoni lakini yanaweza kuumia.

Ukiweza kuingia kwenye ukurasa wa hicho kiboksi (anwani na paswedi mara nyingi zimebandikwa chini yake) tafuta sehemu imeandikwa nguvu ya mwanga unaopokelewa, inapimwa kwa dBm na ina alama ya kutoa mbele. Ikiwa kati ya -15 na -25 uko salama. Ikifika -27 au -28 uko ukingoni, hapo ndo unakuta neti inakatika mvua ikinyesha au upepo ukivuma, alafu fundi akija jua limewaka anakwambia "mbona iko poa boss". Piga picha hiyo namba siku mbaya, umwoneshe.

Ruta za laini (zile zinazotumia laini ya simu) nazo zina taa ya mnara, ila hizo nimeziwekea sehemu yake huko chini.

Hatua ya 3: kuzima na kuwasha, ila kwa adabu

Kuzima na kuwasha kunafanya kazi kweli, sio uchawi, ruta ni kompyuta ndogo na ikikaa wiki kadhaa bila kupumzika inajaa. Sasa kuna namna yake. Chomoa kwenye umeme kabisa, subiri sekunde 30, sio mbili. Kama una viboksi viwili, cha faiba na ruta pembeni, zima vyote, washa cha faiba kwanza, kiache dakika 3 mpaka taa zitulie, ndo uwashe ruta. Ukiwasha vyote kwa pamoja ruta inaomba anwani (namba yake ya kwenye mtandao) wakati mwenzake bado hajaamka, inakosa, af unasema imekufa.

Na sasa nisikilize hapa. KUZIMA NA KUWASHA SIO RISETI. Kile kitundu kidogo cha kuchoma na pini kinafuta kila kitu, jina la wifi, paswedi, na kwa baadhi ya faiba jina na paswedi ya kuingilia kwenye mtandao wa kampuni ambazo alizijaza fundi siku ya kwanza na we huzijui. Mimi niliminya kwa kiherehere usiku wa Ijumaa, tatizo lenyewe lilikuwa dogo, nikalala bila neti mpaka Jumatatu mchana fundi alipopata nafasi ya kuja kuandika maneno mawili. Kuanzia siku hiyo nna karatasi nimebandika chini ya ruta, ina namba ya akaunti, jina la kuingilia na paswedi yake. Mwombe fundi wako akuandikie siku anafunga, akikataa piga picha skrini yake akiwa anajaza.

Tukiwa bado kwenye umeme, adapta. Ukiona ruta inazima na kuwaka yenyewe, au wifi inapotea watu wakiwa wengi na kurudi wakipungua, mshuku adapta kabla ya ruta. Soma kilichoandikwa chini ya ruta, mfano 12V 1A, na adapta isome ivo ivo: volti lazima zilingane, ampia zinaweza kuzidi ila zisipungue. Kuna nyumba walihama, adapta zikachanganyika kwenye boksi, ya king'amuzi ikachomekwa kwenye ruta kwa vile pini inaingia. Ilikuwa volti 9 na ruta inataka 12. Taa zinawaka vizuri kabisa, ila wifi ikianza kufanya kazi nzito inajizima. Adapta nyingine unapata Kariakoo kwa bei ndogo ukilinganisha na ruta mpya.

Na huu umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa kishindo, tafuta zile UPS ndogo za ruta (betri za kuishikilia umeme ukikatika), ukubwa kama pawabenki, hakikisha ina tundu la volti za kifaa chako. Kwa wa faiba ina raha yake, mtaa mzima giza we unaendelea na mpira kwenye simu.

Hatua ya 4: hela

Nitapita haraka maana inaaibisha. Kifurushi kimeisha? Kwa ruta za laini meseji za kuisha bando zinaingia kwenye ruta, sio kwenye simu yako, kwa hiyo unaweza usijue. Ingia kwenye ukurasa wa ruta kuna sehemu ya meseji, au toa laini weka kwenye simu uangalie salio kwenye menyu. Ukiwa umeishika hiyo laini, hakikisha imesajiliwa vizuri kwa alama za vidole, kwa Tanzania ni *106#. Na vile vifurushi vinavyoitwa havina kikomo, vingi vina kikomo cha spidi, ukifika kiasi fulani wanakubana mpaka mwezi uishe. Neti ikiwa nzuri tarehe 1 mpaka 20 alafu ikawa konokono tarehe 21, ushapata jibu.

Hatua ya 5: piga pingi tatu

Kupingi ni kama kumgongea mtu mlango, unaona kama anajibu na anachukua muda gani. Hii ndo hatua ninayoipenda, na ukijifunza hii moja utawazidi nusu ya mafundi wa mtaani. Unahitaji laptopu, ila hata simu inafaa, kuna apu za bure za kupingi, Fing inafanya kazi hiyo.

Kwenye Windows andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, fungua, alafu andika ipconfig na uminye Enter. Tafuta mstari wa Default Gateway, hiyo namba ndo mlango wa ruta yako. Inaweza kuwa 192.168.1.1, au 192.168.0.1, 192.168.8.1, 192.168.100.1, inategemea. Angalia na IPv4, yaani anwani ya kompyuta yako, hapohapo juu. Ikianza na 169.254 maana yake kompyuta iliomba anwani kwa ruta ikanyimwa, ikajipa yenyewe ya kubuni. Hapo andika ipconfig /release alafu ipconfig /renew, na ikishindikana zima na kuwasha ruta.

Sasa pingi ya kwanza: ping 192.168.1.1, au namba yako ulioiona. Zinakuja mistari minne na mwishoni kuna namba ya ms, yaani sehemu ya elfu ya sekunde. Ukiwa karibu na ruta inatakiwa iwe chini ya 10. Ikiandika Request timed out, au inaruka toka 3 kwenda 400 kurudi 12, tatizo lako ni wifi ya humohumo ndani, kampuni haihusiki, nenda hatua ya 6.

Pingi ya pili: ping 8.8.8.8. Hiyo ni seva ya Google iliyopo toka 2009 na huwa haifi kirahisi. Ya kwanza ikijibu na hii ikagoma, basi ruta haipati neti kutoka nje. Rudi kwenye taa na malipo, vikiwa sawa ndo uwapigie.

Pingi ya tatu: ping google.com, kwa jina. Ikiwa namba 8.8.8.8 inajibu ila jina halijibu, neti UNAYO, ulichokosa ni kitabu cha simu, yaani DNS, ile huduma ya kubadilisha jina la tovuti kuwa namba. Ndo ile hali ya ajabu ambayo wifi imejaa, baadhi ya apu zinaenda, brauza inasema haipati tovuti. Dawa: ingia kwenye ruta, sehemu ya DHCP (inayogawa anwani kwa vifaa) au WAN (upande wa neti inayotoka nje), toa DNS ya kampuni weka 1.1.1.1 na ya pili 8.8.8.8, hifadhi, unganisha simu upya. Kama ruta ya kampuni imefungwa hauwezi kubadili, weka kwenye kifaa chenyewe. Kwenye Windows ongeza na ipconfig /flushdns ili isahau majibu ya zamani.

Kuna hali ya nne ambayo watu hawaijui. Pingi zote tatu zinajibu ila 8.8.8.8 inacheza kati ya 40 na 900, na kila kitu kizito, simu za video zinagandaganda. Angalia nani ANAPANDISHA vitu. Simu moja ikiingia kwenye wifi usiku ikaanza kupeleka picha na video elfu mbili za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni, inaziba njia ya kupandisha, na njia ya kupandisha ikiziba hata kushusha kunakwama kwa sababu kila kinachoshuka kinahitaji vijibu vidogo vya kupanda. Vifurushi vingi vya nyumbani njia ya kupandisha ni nyembamba kuliko ya kushusha. Zima simu moja moja uku pingi inaendelea (andika ping -t 8.8.8.8, kusimamisha ni Ctrl na C) utamwona mchawi wako.

Hatua ya 6: wifi ipo ila nzito, au chumbani haifiki

Kwanza tuelewane kwenye hesabu. Kampuni inauza Mbps, yaani megabiti kwa sekunde, na simu ikishusha faili inaonesha MB, yaani megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawa kwa 8. Kifurushi cha Mbps 20 kikiwa kwenye ubora wake kinashusha MB 2.5 kwa sekunde, kwa hiyo muvi ya GB 1.5 ni dakika 10. Kama unapata hiyo hujaibiwa.

Kujua mkosaji ni wifi au kampuni, chukua waya wa neti, chomeka laptopu moja kwa moja kwenye ruta, pima spidi. Ukipata 20 kwenye waya na 4 chumbani, ugomvi wako ni na kuta.

Nyumba zetu ni za tofali la saruji na nondo, sio za mbao, na wifi haipendi saruji. Ruta nyingi zina wifi mbili za masafa tofauti, ya GHz 2.4 na ya GHz 5. Ya 5 ina kasi lakini haipiti kuta, ukuta wa pili ishachoka. Ya 2.4 inapita zaidi ila ina foleni, kila jirani yuko hapo pamoja na Bluetooth, na maikrowevu ikiwaka ndo kabisa. Zitenganishe majina, tivii na laptopu zilizo sebuleni zitumie 5, za vyumbani 2.4. Kwenye hiyo 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11 tu, hizo ndo haziingiliani, pakua apu ya kuchunguza wifi uone majirani wamejaa wapi uende penye nafuu. Usiweke 3 wala 8 ukidhani umejitenga, hapo ndo unagombana na pande zote mbili.

Mahali pa ruta: juu, wazi, katikati ya nyumba. Sio nyuma ya tivii, sio ndani ya kabati la vyombo, sio jirani na friji, sio nyuma ya kioo kikubwa. Na sio chini ya kitambaa, mama mkubwa.

Ikishindikana, watu wanakimbilia vile vidude vya kuchomeka ukutani vya kurudufisha wifi. Sivikatai, ila vingi vinapokea na kutuma kwenye masafa yaleyale kwa hiyo spidi inakatika nusu, na watu wanavichomeka kulekule chumbani ambako hakuna neti, sasa kitarudufisha nini? Kiweke katikati ya njia. Mimi napendelea kuvuta waya na kutumia ruta ya zamani iliyolala kwenye droo. Unafanya hivi. Ruta ya zamani usiiunganishe na kubwa kwanza, chomeka laptopu kwake, ingia kwenye ukurasa wake. Weka jina la wifi na paswedi. ZIMA DHCP, kwa sababu nyumba moja haiwezi kuwa na wagawa anwani wawili. Alafu mwisho kabisa badilisha anwani yake ya LAN (upande wa ndani ya nyumba) iwe 192.168.1.2 kama kubwa ni 192.168.1.1, ukihifadhi ukurasa utakukatikia, ni kawaida, usishtuke. Sasa vuta waya toka tundu la LAN la kubwa uje kwenye tundu la LAN la hii ndogo. LAN kwa LAN, lile tundu la rangi tofauti lililoandikwa WAN liache wazi. Tayari, chumbani una wifi nzima.

Waya chukua Cat5e au Cat6, mwisho mita 100. Ukibana vichwa mwenyewe, mpangilio wa rangi toka kushoto uku kale kaulimi kakiwa upande wa chini: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia, pande zote mbili sawasawa. Na ukiona una kifurushi kikubwa ila kwenye waya hauvuki Mbps 95 hivi hata ufanyeje, kuna uzi umekatika ndani. Nyuzi nne, za chungwa na za kijani, zinatosha kupitisha 100, ili upate zaidi zinatakiwa zote nane. Nimemwona fundi amebana nane vizuri, lakini moja, ya kahawia, haikufika mpaka mwisho wa kichwa, mwenye nyumba akalipia kifurushi cha 200 miezi mitatu anapata 94.

Wezi nao wapo. Kwenye ukurasa wa ruta kuna orodha ya vifaa vilivyoingia, hesabu, linganisha na vya kwenu. Mkizidiwa badilisha paswedi, chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, zima WPS (ile ya kuunganisha kifaa kwa kuminya kitufe). Kumzuia mtu kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa) hakusaidii sana, simu za sasa zinabadilisha anwani hiyo zenyewe. Na paswedi ya kuingilia kwenye ruta yenyewe ikiwa bado ni admin, mtoto wa jirani wa kidato cha pili anakuendesha.

Kwa wa ruta za laini

Huku mambo ni mnara. Misitari ile mitano inadanganya, tafuta namba ya RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara, kwenye ukurasa wa ruta. -80 kwenda juu, mfano -75, ni nzuri sana, -100 inavumilika, ikifika -110 au ikishuka chini ya hapo unabahatisha. Angalia na SINR, hiyo ni usafi wa mawimbi, ikiwa juu ya 10 vizuri, ikikaribia 0 au ikishuka chini yake kuna kelele. Shika ruta kwa mkono, zunguka nayo nyumbani uku umeunganisha waya mrefu wa ekstensheni, kila dirisha isubiri dakika moja isome. Tofauti inaweza kukushangaza, kwangu dirisha la jikoni lilikuwa -94 na sebuleni mita sita tu kutoka hapo ikawa -109, sababu bati la jirani limekaa katikati. Uielekeze kulekule mnara ulipo. Pa kuiweka ukishapapata, usihamishe tena eti haipendezi.

Lakini namba zikiwa nzuri na spidi mbovu saa mbili usiku tu, mnara umejaa watu. Pima saa kumi alfajiri, ukipata mara tano ya usiku basi hakuna setingi itakayokuokoa, jaribu laini ya kampuni nyingine yenye mnara wake mtaani kwenu kabla hujaingia mkataba wa mwaka.

Mara nyingine ni bahari

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilifungua ruta, nikabadilisha waya, nikakaribia kuminya riseti kwa mara nyingine. Kumbe mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika kwa pamoja huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima inalia, Tanzania tukiwa miongoni mwa walioumia zaidi. Dalili za hali hiyo: pingi ya ruta safi, taa zote kijani, jirani mwenye kampuni tofauti naye analia, na vitu vya ndani ya nchi vinafunguka kuliko vya nje. Ukiona ivo pika chai.

Ukifika hatua ya kuwapigia

Usiseme "neti haifanyi kazi", wataanza kukwambia uzime uwashe. Sema ivi: "taa ya LOS nyekundu toka saa nne usiku, waya nimeuangalia haujakunjwa, vifaa vyote vimegoma", au "pingi ya ruta inajibu, 8.8.8.8 haijibu, PON imetulia kijani, nimelipia tarehe 3". Watakurusha moja kwa moja kwa watu wa kiufundi. Omba NAMBA YA LALAMIKO na jina la uliyeongea naye, andika na saa, maana ukipiga mara ya pili bila namba unaanza upya kama hujawahi kupiga. Wakikuzungusha siku nyingi, TCRA (mamlaka ya mawasiliano) wanapokea malalamiko, ila wataka uwe umeanzia kwa kampuni yako kwanza, na hapo ndo ile namba na zile picha za taa na dBm zinakuwa na kazi.